Rufaa ya Beisi ya Tatu

Jumamosi asubuhi ampaya Vivian, mwamuzi wa mechi, alipiga magoti pale mpigaji husimama, akafuta vumbi kwa brashi ya rangi, halafu akaita makochi wawili watembee uwanja pamoja. Softboli huwa hivyo. Kabla mechi ianze, mnazunguka na kukubaliana sheria za hapo. Uwanja ulikuwa wa esteti ya Munyaka, Eldoret, wasichana wa chini ya miaka kumi na tano, mwisho wa 2012.

"Mpira ukiingia kwa mahindi, mkimbiaji anapewa beisi mbili," Vivian alisema. "Ng'ombe ikiingia, tunasimama mpaka itoke."

"Na hiyo?" Kochi Ruwayda wa timu ya mjini alinyoosha kidole.

Beisi ya tatu, kona ya mwisho mkimbiaji hukanyaga kabla apate pointi, ilikuwa inawaka. Moto haukuwa mkubwa, bluu chini na moshi mwembamba juu, kama jiko ya mtu mwenye haraka. Ilianza vile uwanja uliongezwa baada ya vurugu za kura za 2008, na kona ya tatu ikaangukia mahali nyumba ya Macharia ilikuwa. Nyumba ilichomwa Macharia akiwa ndani. Walijaribu kubadilisha beisi, mpya nayo ikawaka, na haikuisha. Mvua haikuizima. Mjane wake, Mama Hulda, alikuwa anauza mayai boilo kando ya fensi, na kati ya mechi alikuwa anaweka sufuria juu ya hiyo beisi, kwa sababu makaa imepanda bei.

"Lazima iguswe," alisema Kochi Kiplimo wa timu ya nyumbani. "Wangu wamezoea. Wako na miguu ngumu."

"Miguu ngumu, kichwa je?" Ruwayda alimuuliza.

Wakakubaliana iguswe.

Mwaka ule wa vurugu Vivian alikuwa msichana, amejificha juu ya tangi la maji, na aliona vizuri nani alimwaga petroli kwa nyumba ya Macharia. Alikuwa baba yake mdogo, Mzee Paul, mtu aliyemlea, na Vivian bado anaishi kwake. Sasa Mzee Paul ndiye mwenyekiti wa uwanja, na hapo alikuwa chini ya hema na soda yake. Vivian hakuwahi kusema, kwa sababu hakuna mtu aliwahi kumuuliza. Polisi waliuliza watu wengine. Yeye alisomea uampaya na akaapa kiapo chake: ukiona kosa la mkimbiaji, nyamaza mpaka timu ingine ikate rufaa. Lakini ukiulizwa, sema ulichoona. Kura ilikuwa imebaki miezi michache, watu wa esteti wameanza kupeleka magodoro kwa jamaa zao wakiogopa vurugu tena, na kila mtu akisimama karibu na ile beisi akifungua mdomo, Vivian alikuwa anahisi ni leo ataulizwa.

Mechi ilifika zamu ya mwisho ya kupiga, timu ya mjini ikiongoza kwa pointi moja. Chelimo wa timu ya nyumbani alikuwa beisi ya pili. Mwenzake akagonga mpira mpaka kwa mahindi, na ukitoka beisi ya pili na unapewa mbili, unamalizia nyumbani, pale mpigaji husimama. Chelimo akakimbia. Alipofika beisi ya tatu moto ukapanda mpaka magoti, akaruka juu yake, akaenda mpaka mwisho. Watu wa nyumbani wakashangilia, pointi zimelingana.

Vivian aliona. Mguu haukugusa. Akasimama kimya, macho kwa nyasi. Mtu wa kurusha akachukua mpira. Akirusha tu, kosa limekwisha, hakuna wa kulifufua.

"Ampaya," Ruwayda aliita. "Nakata rufaa. Yule hakukanyaga ya tatu."

"Auti," Vivian alisema. Pointi ya Chelimo ikafutwa.

Kiplimo alikuja mbio. "Wewe, si ulikuwa umenyamaza? Kama uliona, mbona hukusema?"

"Sheria inasema ningoje kuulizwa."

"Na kama huyu Ruwayda angelala?"

"Ningeenda nayo nyumbani."

"Hiyo ni roho gani, Vivian? Unaona na unakaa tu?"

"Ni sheria, Kochi."

Mama Hulda alikuwa karibu, anasikia. Akaweka ndoo ya mayai chini, akapangusa mikono kwa leso, akaingia uwanjani. Vivian akainua mkono kusimamisha mchezo.

"Mimi pia nakata rufaa," Mama Hulda alisema. "Hapo kulikuwa kwangu. Nani aliwasha?"

Chini ya hema Mzee Paul aliweka soda kwa meza, polepole. Moshi ulikuwa unapita katikati yao kuelekea barabara ya Nakuru.

"Mama," Vivian alisema, "rufaa inakatwa kabla mpira urushwe tena. Tangu siku hiyo imerushwa mingi."

"Siku hiyo nilikuwa kwa tenti ya wakimbizi, Showground. Ningekuulizia wapi?"

"Ilikuwa lazima uwe uwanjani."

"Na mwenye alikuwa uwanjani?"

Vivian alivuta kinyago chake cha uampaya usoni. Mama Hulda akageukia Kiplimo, kochi mwenye kubishana na kila ampaya wa Uasin Gishu.

"Ni ukweli anasema?"

"Hiyo ndiyo sheria, Mama," Kiplimo alisema.

"Sawa," Mama Hulda alisema. Akarudi kwa ndoo yake.

Timu ya mjini ikashinda. Wakati wa kutoa kombe Mzee Paul alishika mkono wa Vivian mbele ya watu wote, akasema Eldoret inahitaji vijana wenye kujua sheria namna hiyo. Akatangaza kwamba mwaka ujao mechi zitachezwa mapema, kabla ya kura, na ampaya atakuwa huyuhuyu.

"Asante, baba," Vivian alisema.

Alipovua kinyago chake, uso ulikuwa umejaa masizi. Ruwayda alimpa kitambaa, akamwonyesha shavu, paji, na chini ya kidevu. Vivian alisugua mpaka ngozi ikauma, lakini masizi hayakutoka. Mpiga picha alikuwa anataka kuondoka, ana harusi Turbo, kwa hivyo wakajipanga vile walikuwa. Kwa picha Vivian yuko katikati, mweusi mpaka kwa masikio, mkono wa Mzee Paul uko kwa bega lake, na wote wawili wametabasamu.