Sauti ya Shangazi Langoni

Ofisini kwetu, tunakotengeneza gemu, sauti ya muda haipiti bila makofi. Kabla mwigizaji hajaja kurekodi, mmoja wetu husoma maneno ya mhusika ili wachoraji wapime jinsi midomo yake itakavyosogea, na rekodi hiyo huanza kwa makofi mawili, ili hata msahaulifu ajue haiendi kwa wachezaji. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na aliyeivunja ni mimi.

Maneno ya mama mzee anayelinda lango kwenye gemu nilimpa shangazi asome, siku aliyopita kunisalimu nami nimekosa mtu. Alisoma vile anavyoongea nyumbani, bila madoido. Bosi alipotaka kusikia kidogo, nikayakata makofi yasimkere, kisha nikasahau kuyarudisha. Sasa gemu letu la mtandaoni, ambalo miaka yote lilikuwa maandishi matupu, limefunguliwa asubuhi hii likiwa na sauti, na langoni anaongea shangazi badala ya mwigizaji mwenye jina kubwa.

Bosi hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniambia taratibu kwamba sauti ile iwe imebadilishwa kabla ya chakula cha mchana, la sivyo nianze kukusanya vitu vyangu. Faili sahihi ilikuwa tayari, imebaki kubonyeza tu.

Ndipo dada anayepokea malalamiko ya wachezaji akaniita. Kuna mchezaji amekwama langoni tangu tufungue, akasema. Anambofya mlinzi, anasikiliza, anambofya tena. Nikaisogelea skrini yake huku nikijilaani. Hitilafu ya pili siku hiyohiyo ingenimaliza. Juu ya kichwa cha askari wa mchezaji huyo palielea jina: Kibiriti.

Kibiriti ndivyo shangazi alivyomwita mwanawe, binamu yangu, kwa kuwaka kwake upesi. Waligombana, akaondoka, akabadilisha namba. Tangu hapo shangazi halali mbali na simu, na ukimpigia hukukatiza kwenye salamu, eti asiizuie laini, mwanawe asije akapiga akaikosa. Sisi tumeshazoea kukatiwa.

Lakini Vibiriti duniani ni wengi, nikajiambia. Kwenye spika shangazi akasema, "Mlango uko wazi, mwanangu. Pita kabla giza halijaingia." Askari hakupita. Akambofya tena.

Niliomba kibodi, nikamwandikia kwa jina la ofisi kumuuliza kama amekwama. Jibu likaja hapohapo.

"Sijakwama. Huyu mama mmemtoa wapi?"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni, macho kwenye saa. Niliogopa vibaya. Nikinyamaza, nitaizima sauti ile na kijana wa watu hatajua kitu. Nikisema, huenda akatimka kama alivyotimka mwanzo, na safari hii wa kulaumiwa ni mimi. Vidole vilikosea herufi, nikafuta, nikaandika upya.

"Ni shangazi yangu. Namba yake ni ileile."

Askari alisimama pale kama kigogo. Bosi akakohoa. Nikarudi mezani kwangu na kubonyeza.

Safari hii mlinzi wa lango alisema kwa sauti ya mwigizaji, tamu, iliyopangwa vizuri, maneno yaleyale. Askari alimbofya mara moja tu, kisha akatoweka kwenye skrini. Dada wa malalamiko akasema basi, huyo katoka kabisa. Bosi akanipiga begani na kwenda kula. Kazi yangu ilikuwa imepona, na mimi nilitaka kulia, maana niliona mtoto wa watu katimka mara ya pili, tena nimemfukuza mimi.

Nikatoka hadi kwenye ngazi kumpigia shangazi. Sikujua hata nitaanzia wapi. Simu yake ilikuwa inatumika.

Nikajaribu tena: inatumika. Nikakaa kwenye ngazi, nikajaribu tena na tena, hadi bosi akarudi kutoka kula akanikuta palepale. Bado ilikuwa inatumika.