Chupa Zilizorudi Zimejaa

Nhàn alijifungua mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali ya mkoa, na siku ya nne mama akarudishwa kijijini mikono mitupu. Mkwewe, Bibi Thoa, alimpokea kama mzazi yeyote, kwa desturi ya huko: madirisha yakafungwa, jiko la makaa likasukumwa chini ya kitanda, pamba masikioni, soksi miguuni. Kutoka nje ni mwiko mpaka mwezi uishe, maana upepo ukimwingia mzazi hautoki mifupani hadi uzeeni.

Kila asubuhi Nhàn alikamua maziwa yake, na mumewe, Thuận, akayapeleka hospitali kwa pikipiki katika boksi la barafu. Jioni alirudi na neno moja tu: hajambo. Nhàn hakumdadisi. Alilala akitoka jasho, matiti yakimuuma kwa ajili ya mtoto aliyemwona kwa kufumba na kufumbua tu.

Siku ya kumi na moja Thuận alirudi na chupa zote zimejaa.

"Wamesema tumbo lake lipumzike kidogo," alisema, macho sakafuni.

"Kidogo ndiyo siku ngapi?"

Nhàn akashusha miguu kitandani. Bibi Thoa akasimama mlangoni, akamweleza kwa upole kwamba hata akienda ataruhusiwa kumwona mtoto nusu saa tu, na atajiumiza bure.

"Mama, mimi siogopi upepo," Nhàn alisema. "Naogopa kumwona. Siku zote hizi nimekushukuru moyoni kwa kunifungia."

Mama mkwe akavua koti lake, akamvisha, akamfunga kitambaa kichwani mara mbili, akamwonya Thuận asikimbize pikipiki.

Mtoto alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, tumbo limevimba, mrija puani. Nhàn aliingiza mkono kwenye tundu la sanduku la kioo, asijue pa kugusa. Akashika wayo mmoja mpaka nesi alipomtoa.

Hakurudi kijijini. Alitandika mkeka ukumbini pamoja na wazazi wenzake, akingojea nusu saa yake ya kila siku. Siku ya tano tangu afike, mtoto akaanza kupewa maziwa tena, matone machache.

Waliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya wiki saba. Thuận alishatangulia ngazini na mizigo. Nhàn, mtoto kifuani, alibaki akimuuliza nesi kama wangeweza kulala pale usiku mmoja zaidi.