Jezi Namba Saba na Kikombe cha Baba

Baba yangu, Mzee Humoud, alikuwa na maradhi mawili: vidonda vya tumbo, na kutoweza kunyamaza palipotajwa mpira. Ya kwanza aliyapatia dawa hospitalini Maskati. Ya pili ndiyo yaliyotutia aibu.

Mwaka huo wa 1984 nilikuwa nikisoma katika chuo kidogo cha ualimu nje ya mji wa Ibra, Omani. Tulikuwa na madarasa machache, bweni moja, na uwanja wa changarawe ambao ukianguka unaacha ngozi ya goti pale pale. Mashindano ya vyuo yalikuwa yafanyike Nizwa joto likipungua, na kabla yake tukawa tunacheza mechi za majaribio. Leo tunacheza na askari wa kambi, kesho na vijana wa Al Mintirib waliozoea kukimbia mchangani, ambao kwenye changarawe yetu walikuwa hawashikiki. Chuoni masomo yalikuwa kama hayapo. Kila mtu alikuwa na kikosi chake kichwani, na akikukuta kwenye foleni ya chai anakusomea mpaka chai inapoa.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya jezi namba saba, ya winga wa kulia. Tulioitaka tulikuwa wawili, mimi na Khalaf. Khalaf alikuwa kijana wa Samad Ash Shan, mpole, asiyesema mpaka asemeshwe. Kocha wetu, Mwalimu Marzouq aliyetufundisha hesabu, alikuwa ndugu wa baba yake. Lakini asije mtu akadhani Khalaf alikuwa akibebwa. Mimi nilikuwa na mbio tu. Nikifika pembeni naangalia mpira, siangalii watu. Khalaf alikuwa akiinua kichwa, anatafuta mwenzake, halafu mpira unakwenda pale pale alipoutaka. Chuo kizima kilijua nani bora, na mimi nilijua, na nilikwisha kuuandaa moyo wangu kukaa benchi. Iliuma, lakini haikuwa na fedheha.

Mechi ya mwisho ya majaribio ilichezwa Samad Ash Shan, na Baba akajitolea kutupeleka nusu ya timu kwa pikapu yake. Alikuwa mfanyakazi wa manispaa Ibra. Tulitoka Unguja mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, na kwa miaka yote hiyo Baba alikuwa na hukumu yake juu ya watu wa huku, akiitoa kwa Kiswahili na kwa sauti ya juu, hata sokoni: "Watu wazuri, wallahi. Lakini ustaarabu hawana. Hata kukaa barazani hawajui." Kila alipoisema nilikuwa nikitazama kulia na kushoto.

Nusu ya kwanza alicheza Khalaf, na magoli yetu yote yalitoka mguuni kwake. Nusu ya pili niliingia mimi, nikapoteza mpira mpaka watoto wa Samad waliokaa ukutani wakaanza kunipigia makofi ya kejeli. Baada ya mechi, Mzee Hashil, baba yake kocha na babu yake Khalaf, akatukaribisha sote kwenye sabla yake, ile baraza kubwa ya wanaume. Tukavua viatu, tukakaa juu ya mikeka tumeegemea kuta. Baba akakalishwa ubavuni pa mwenyeji, kama mgeni wa heshima.

Zikaja tende, ikaja kahawa. Baba kahawa alikuwa amekatazwa na daktari. Lakini kwetu Unguja, kukataa unachopewa ni kumvunjia mtu heshima. Unapokea, unashukuru, unakiweka kikombe pembeni yako hapo barazani, unaendelea na mazungumzo, na hakuna anayekuuliza. Ndivyo alivyofanya. Akaweka kikombe chini mkekani, hakukigusa tena, akaanza kuzungumza mpira.

Kiarabu chake kilikuwa cha chuo cha Kurani na cha sokoni, lakini siku ile kilitiririka. Alinisifu mimi. Alisema mguu wangu wa kulia nimeurithi kwake, na kwamba leo nilikuwa na bahati mbaya tu, na kwamba winga kama mimi akiachwa nje ni hasara kwa chuo. Nilitamani mkeka unimeze. Nikaona sabla inanyamaza kidogo kidogo. Yule aliyeshika dele, lile birika la kahawa, alisimama mbele ya Baba, hapiti. Mzee Hashil alikitazama kikombe, kisha akamtazama mwanawe Marzouq. Marzouq akamtazama Khalaf, na Khalaf akatazama vidole vya miguu yake.

"Kunywa kahawa yako, Abu Sleyum," alisema Mzee Hashil, akimwita Baba kwa jina langu. "Abshir. Ulilolijia umelipata."

Baba alidhani ni maneno ya ukarimu tu. Akacheka, akaiombea nyumba baraka, akainua kikombe na kulowesha midomo. Watu wakapumua, dele likaendelea na safari yake. Hata mimi nilidhani ni adabu za kawaida, zile za kuambiana nyumba ni yako.

Siku ya pili kabla ya mazoezi, Mwalimu Marzouq akatukusanya uwanjani akataja kikosi kwa mdomo. Alipofika kwenye winga ya kulia akasema, "Namba saba, Sleyum," na hakunitazama. Furaha ilinipanda, nikajikuta natabasamu peke yangu. Hakuna aliyenipa mkono. Khalaf akaivua ile jezi aliyokuwa akiivaa kwenye majaribio, akaikunja vizuri, akanipa.

"Mabruk," akanipongeza, na wala hakusema kwa uchungu. Kisha akachukua dumu akaenda kututekea maji.

Jioni bwenini nikamkuta Mahrous, kipa wetu. Wazee wake walitoka Tabora, lakini yeye alilelewa na bibi yake upande wa Al Mudhaibi, kwa hivyo akijua mambo ya huku kuliko sisi.

"Hongera, Bwana Finjani," akaniambia.

"Finjani nini?"

Akanitazama sana. "Sleyum, uko siriasi? Kweli hujui?"

"Sijui."

Akakaa kitandani kwake. "Huku mgeni mwenye haja haisemi haja yake. Akipewa kahawa anaiweka chini, hainywi. Mwenyeji akiona kikombe kiko chini anajua kaombwa, na lazima atoe. Asipotoa, aibu hiyo itamfuata mpaka kwa wajukuu. Sasa baba yako kaweka kikombe mbele ya Samad nzima, tena huku anakusifia wewe. Ulitaka mzee wa watu afanye nini?"

Masikio yaliniwaka moto. Niliona aibu kwa ajili yangu, niliyetabasamu pale uwanjani. Nikaona aibu kwa Khalaf na dumu lake la maji. Halafu ikaja ile mbaya zaidi, nikamwonea aibu baba yangu mzazi, na hiyo ikanitia aibu nyengine juu yake. Chakula cha usiku sikwenda kula. Nilijua meza zote wanajua.

Alkhamisi nikarudi nyumbani na jezi ndani ya mkoba. Mama yangu, Ghaniya, akanitengea wali, na Baba akaanza papo hapo kuniuliza nitachezaje Nizwa. Nikamwambia yote. Mwanzo akasema upuuzi, huyo Mahrous anakutania. Kisha akarudisha tonge sahanini.

"Watu wote walikuwapo?" akauliza.

"Wote, Baba."

"Na mimi nikacheka."

"Ulicheka."

Akaisukuma sahani. "Nimeomba," alisema. "Tangu nije nchi hii sijamwomba mtu kitu. Hata kazi nilikaa mpaka nikaitwa. Leo nimekwenda kuomba jezi ya mpira."

"Si mwende mkamwambie mlikuwa hamjui?" akasema Mama.

"Nimwambie nini, Ghaniya? Kwamba kamvua mjukuu wake nguo bure? Ametoa mbele ya watu wake. Nikimwambia sikuomba, nimemfanya mjinga ndani ya baraza yake. Na Sleyum akirudisha jezi tu, ndio kamtupia usoni."

Mama aliichukua jezi mkobani, akaigeuza huku na huku. "Mgeni kuku mweupe," alisema. "Sie tumekaa tukidhani hatuonekani. Basi mlango mlioingilia ndio huo huo wa kutokea." Akaenda kuifua. Baba akabaki anatazama wali, na mimi namtazama yeye, mpaka nikaona anaanza kuelewa.

Ijumaa baada ya sala tukashika njia ya Samad. Jezi nilikuwa nayo mapajani, imepigwa pasi na kufungwa katika gazeti. Njiani nikasema, "Kikombe nitaweka mimi, Baba." Aliendelea kuendesha kama hakusikia.

Sabla ilikuwa imejaa, na wengi walikuwa wale wale. Mwalimu Marzouq alikuwapo, na Khalaf alikuwa karibu na mlango akiwahudumia watu tende. Baba akakalishwa pale pale ubavuni pa Mzee Hashil. Akaulizwa hali, akajibu, mpira hakuutaja. Kahawa ilipoingia nilianza kujitayarisha, lakini dele huanzia kwa mkubwa. Baba akapokea. Kahawa ikamwagika kidogo juu ya kidole, naye hakuifuta. Akainama, akakiweka kikombe mkekani mbele yake, taratibu, akarudisha mkono mapajani.

Ilikuwa tabu kumtazama. Mtu huyu aliyewacheka watu kwamba hawajui kukaa, sasa alikuwa amekaa kama wao, ameinamisha macho, anaomba kwa desturi yao. Mtu mmoja upande wa dirishani akamnong'oneza mwenzake, nikasikia kicheko kinabanwa. Safari ya pili, walikuwa wakisema bila shaka. Mswahili amerudi, leo anataka nini tena. Uso wangu uliwaka, na mara hii sikutamani mkeka unimeze. Nilitaka kukaa pale karibu naye.

Mzee Hashil hakuharakisha. "Kahawa yako, Abu Sleyum."

"Nina haja," akasema Baba.

"Sema."

"Mwanangu umempa, Mungu akuzidishie. Leo naomba changu mimi. Mimi ni mtu wa mpira tangu ujana wangu. Nimemwona Khalaf akicheza hapa, na tangu siku ile sijatulia. Nataka nimwone Nizwa, kwa macho yangu, amevaa namba saba. Ndiyo haja yangu, sina nyengine."

Kicheko cha dirishani kikakatika. Mzee Hashil akamtazama mwanawe, na Mwalimu Marzouq akaitikia kwa kichwa, haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Khalaf alisimama na sahani ya tende mkononi, hajui aiweke wapi.

"Abshir," alisema Mzee Hashil. "Kunywa."

Baba akakinywa chote, kahawa chungu na tumbo lake lile, akanyoosha mkono akatiliwa tena, akanywa, kisha akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka, kama wanavyofanya wenyewe. Mimi nikaenda mlangoni nikampa Khalaf lile gazeti. Akalifungua pembeni. Mama alikuwa ameifukiza jezi udi.

"Inanukia harusi," akasema Khalaf.

"Kwenye changarawe itatoka," nikamwambia, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Tulipoaga, Mzee Hashil alitusindikiza mpaka kwenye pikapu, amemshika Baba mkono. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia.

"Siku ile nilijua kwamba hukujua," alisema.

Baba akasimama. "Ulijua?"

"Ulikuwa ukicheka. Mwenye haja hacheki."

"Sasa mbona ulitoa?"

"Kikombe kilikuwa chini na watu wanatazama," alisema Mzee Hashil. "Ningewaacha wamcheke mgeni wangu?" Akatutakia safari njema, akatuma salamu kwa watu wa nyumbani, akarudi ndani kwa wageni wake.

Baba alipanda garini akakamata usukani, asiwashe. Akautazama mlango wa ile sabla, na viatu vya watu vilivyopangwa nje.

"Nilisema hawana ustaarabu," alisema. "Nilisema kwa sauti."

"Kiswahili hawakijui, Baba," nikamwambia, nikidhani namfariji.

"Mimi nakijua," akasema, akawasha gari.