Viatu vya Mwalimu Mustafa

Mwaka 2004 chuo chetu pale Mtwara kilituteua mimi na Telma kuwa mabalozi wa usawa. Tulipewa fulana za kijani na kazi moja: kuhakikisha masomo hayambagui mtu. Tukaanza na Mwalimu Mustafa, mkuu wa idara ya historia. Huyu alikuwa amemtazama Telma, mjukuu wa watu wa Msumbiji, mbele ya darasa zima, akasema, "Hawa waliovuka Ruvuma hawana historia, wana mizigo tu."

Tulipomfuata ofisini alicheka mpaka nikatamani kumrushia chaki. "Mabalozi gani hamjui utani? Mimi Myao, yeye Mmakua. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasiriki."

"Kumbe ni utani," Telma alisema kwa upole ulionitia wasiwasi. "Ahsante, Mwalimu."

Ijumaa, swala ilipokwisha, Mwalimu alitoka msikitini akaviona viatu vyake vikining'inia mkononi mwa Telma, ng'ambo ya uwanja. Mchanga wa saa saba ulikuwa unaunguza. Aliruka hatua mbili, akarudi barazani mbio.

"Lete viatu, binti!"

"Vikomboe, mtani. Nataka tufundishwe historia ya watu wa kingo zote mbili za Ruvuma, na iingie kwenye mtihani."

Waumini waliposikia neno mtani wakaanza kupiga makofi. Mwalimu alitafuta wa kumtetea, asimpate. Kukasirika alikuwa amekwisha kujikataza mwenyewe.

"Haya! Jumatatu tunaanza."

Telma akamtupia kiatu cha kushoto.

"Na cha pili?"

"Jumatatu, Mwalimu. Wewe njoo na somo, mimi nitakuja na kiatu."