Maji ya Kuoshea Bastola

Tangu mama yake azikwe, Sughra hakuwa amelia. Alijaribu. Alikaa kwenye kochi la fleti yao huku ughaibuni, mtaa wa St. James Town, akaishika miwani ya marehemu, akasubiri. Kilichokuja ni usingizi. Kule Bathurst, kwenye kituo cha ibada cha jumuiya yao, wanawake walimkumbatia mmoja mmoja, kisha wakajitenga na kunong'ona: moyo wa jiwe yule. Aliwasikia, wala hakuumia. Hilo ndilo lililomtisha. Huenda hakumpenda mama yake. Na arobaini ilikuwa kesho.

Ami Kurbanali, kaka wa marehemu baba yake, aliliona hilo.

"Twende ukapige bastola," akasema. "Ule mlio utakufungua kifua."

Sughra hakuwa na nguvu ya kukataa.

Klabu ilikuwa nje ya mji, uwanja wazi wenye tuta la udongo kwa mbele na misonobari nyuma yake. Bastola ya Ami ilikuwa mpya, lakini iliundwa kwa kuiga zile za zamani. Haikutumia risasi za dukani; kila tundu la silinda yake ya kuzunguka ulilijaza mwenyewe kwa mkono.

"Mtutu uelekee tutani, hata nyuki akikuuma," Ami alianza. "Sasa baruti. Pima kwa kijiko hiki, usikadirie." Kisha akatoa kopo la viungo. "Halafu suji."

"Suji, Ami?"

"Suji. Inajaza nafasi inayobaki, gololi ikae juu. Nimeichota kwenye mfuko wa halua ya kesho. Usimwambie mke wangu, atanipika mimi."

Sughra akamimina. Ilikuwa suji ya aina ileile ambayo mama yake aliikaanga kwa samli mpaka jirani wa ghorofa ya juu akaifuata harufu na kubisha hodi. Akangoja kitu kimguse. Hakikumgusa. Akaweka gololi ya madini ya risasi, akavuta wenzo wa kushindilia. Gololi iliingia kwa shida, ikaacha juu uzi mwembamba wa madini hayo uliojikunja kama pete.

"Ukiona hiyo pete, ujue imeziba vizuri," Ami akasema.

Phyllis, mama msimamizi wa uwanja, akawasogelea na kopo lake. "Pakeni grisi juu ya gololi, moto usiruke tundu hadi tundu."

Ami akainusa. "Phyllis, hii si ya nguruwe?"

"Nguruwe mtupu! Hakuna bora kuliko hiyo."

"Basi mpe mumeo akaangie mayai." Akatoa yake, ya nta na mafuta ya zaituni. Phyllis akacheka mpaka akakohoa.

Mwisho zikaja fataki ndogo za shaba za kuwashia baruti, moja nyuma ya kila tundu. Sughra akavaa viziba masikio, akavuta kinyundo, akafyatua.

Mkono ukaruka. Moshi mweupe ukafunika uwanja, ukanuka yai viza. Akafyatua tena na tena, mpaka tundu la mwisho. Moshi ulipopungua, Ami alikuwa akimtazama usoni. Shabaha hakuiangalia.

"Vipi?"

"Nzuri, Ami."

Ami akainamisha kichwa.

"Basi tuioshe. Masizi ya baruti hii hula chuma. Ukiiacha leo, kesho ina kutu."

Phyllis akaleta ndoo ya maji kutoka jikoni. Ami akaenda garini kuchukua brashi. Sughra akaichomoa silinda kama alivyoelekezwa, akaitumbukiza ndani ya ndoo pamoja na mkono, akasugua kwa sabuni. Maji yakawa meusi. Akawaza zamu yake ya Jumatatu, ghalani Malton.

"We mtoto, toa!" Ami alirudi mbio, akamdaka kiwiko. "Maji yametoka kuchemka haya! Huhisi?"

Mkono ulikuwa mwekundu mpaka kifundoni. Sughra akautazama.

"Sihisi," akasema. "Hata Mama simhisi, Ami. Nadhani sikumpenda."

Ami akamvuta hadi bombani, akafungulia maji baridi.

"Kwanza mkono," akasema.

Aliimalizia bastola mwenyewe, akaikausha, akaipaka mafuta.

Walipoingia barabara kuu, maumivu yakaja. Yalianzia vidoleni, polepole, kisha kiganja chote kikawaka. Sughra akavuta pumzi kati ya meno.

"Nisimame duka la dawa?" Ami akauliza.

"Bado, Ami. Endesha."

Akaupakata mkono mapajani kama mtoto mchanga, akaogopa hata kuupuliza, usije ukapoa kabla hawajafika nyumbani, kwenye miwani ya Mama.