Kofia ya Jino Aliyoichonga Guled

Jumatatu tarehe kumi na moja Novemba, saa kumi na dakika ishirini alasiri, ndipo moyo wa Guled wangu uliposimama, na tangu saa hiyo nimekaza meno, lakini daktari Idman hajui, yeye huniita eddo, yaani shangazi, anasema tu fungua kidogo, eddo, hii ni taa tu, haikati, haiumi, nami nafungua huku naogopa, maana hii kofia ya jino ni kazi ya mkono wa mume wangu, alikuwa fundi wa meno hapa Garissa, aliichonga kwa kauri, akaipaka rangi mara tatu mpaka ikafanana na jirani zake, akacheka, akasema sasa hata ukininunia utatafuna na mimi... ikitolewa leo nitabaki na nini chake... taa imewekwa ubavuni mwa jino, Idman ananigeuzia kioo cha kompyuta, naona jino limejaa mwanga kama kikombe cha maziwa, halafu katikati mwanga unakatika, upande mmoja mweupe, upande wa pili giza, na mpakani mstari mwembamba kama unywele, ni ufa, anasema, kwa macho tu nisingeuona, sijui bado umefika wapi, subiri... nasubiri, ya Rabbi, usiwe umefika chini kwenye mzizi... anauliza kama nilitafuna mfupa, nitajibuje na mdomo wazi, si mfupa, Idman, ni siku ile ya maziko, mama mkwe wangu Sharifo alinishika bega akasema, "Usipaze sauti, Abshiro, unamtesa maiti," nami nikafunga kila kitu, sauti na macho pia, huu mwezi wa nne wa eda sijatoa chozi, nikidhani ndiyo subira, nikauma, nikauma, juu ya kazi ya mikono yake... kumbe mama alikataza sauti tu, chozi hakulitaja, Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe, nilifundishwa hayo kwenye dugsi, madrasa ya mwalimu Abdiqani, nikiwa mdogo, nimesahauje... kazi ya Guled haikuwa na kasoro, ni mimi... "Eddo, inauma?" natikisa kichwa, hapana, taa bado iko jinoni, ufa uko palepale, machozi yananiingia masikioni, taya zimelegea, kama ni ya kutoka basi itoke... Ewe Mola, msamehe Guled, mpanulie nyumba yake ya udongo, na umtilie humo nuru isiyokatika.