Lango la Chini, Kisima, Mnara

Walimwita Tofali, kwa umbo lake na kwa kazi yake pia. Siku za wiki alikuwa fundi mwashi, akiziba nyufa za ukuta wa kale uliouzunguka mji wao. Jumamosi alivaa jezi ya mji huo na kucheza raga mstari wa mbele, mahali pa watu wenye shingo nene. Miaka ikaenda hivyo, mpaka klabu tajiri ya jiji kuu ilipomtaka. Mkewe, mkunga, naye akapata kazi huko huko. Wakahama.

Jijini hakukosa kitu. Nyasi za uwanja zilikuwa laini kama zulia, na maji ya kuoga yalikuwa ya moto. Lakini kila alipotembea barabarani, mkono wake ulipapasa kuta, na zote zilikuwa vioo na saruji.

"Unatafuta nini?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Jiwe."

Mkewe alicheka. Mwenzake hakucheka.

Msimu wa pili, ratiba ikawaleta watu wa mji wake. Nahodha wao alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Kocha wa jiji akamvuta Tofali kando.

"Mpira ukirushwa kutoka pembeni, wale wana maneno yao ya siri. Wewe unayajua. Tutajie."

Aliyajua hata usingizini, maana yalikuwa majina ya sehemu za mji wao. Lango la Chini: mpira unakwenda kwa mtu wa mbele. Kisima: wa katikati. Mnara: wa nyuma kabisa.

"Watakuwa wamebadilisha, kocha," alisema, na kweli aliamini hivyo. Nani asiyebadilisha kufuli mpangaji akishahama?

Hawakuwa wamebadilisha. Mpira wa kwanza tu wa pembeni, shemeji akapaza sauti: "Kisimaaa!" Alilivuta neno vile vile walivyolivuta kwao. Tofali aliona akilini ngazi zenye utelezi za kisima cha kwao, ndoo zimepangwa, dada zake wakigombania zamu. Mwenzake aliyengoja Tofali amnyanyue akabaki chini. Mpira ukawapita juu.

"Amka, bwana!" wakamfokea.

Aliamka. Alicheza kwa nguvu zote, akawabwaga rafiki zake mmoja baada ya mwingine, lakini yale maneno hakumtajia mtu. Jiji lilishinda kwa taabu.

Baadaye alimfuata shemeji yake kwenye basi.

"Mbona hamkubadilisha?"

"Tubadilishe tuweke nini, shem? Mji wenyewe si ndio ule ule?"

Tofali akatazama chini. "Nipelekeni mpaka kituo cha mafuta, pale barabara inapotoka jijini."

Shemeji alisogeza begi, Tofali akakaa. Basi lilinuka dawa ya kuchua na soksi mbichi. Wachezaji walibishana nani alilala kwenye mazoezi, wakamteta mwoka mikate aliyeoa tena, wakasema mvua imeangusha ukuta karibu na kisima. Tofali alisikiliza tu, kama mwenye kiu anayesikia maji yakimiminwa chumba cha pili.

Kituoni alishuka. Mkewe, ambaye Tofali alimpigia simu njiani, alikuwa amekwisha kufika na gari.

"Wanasemaje nyumbani?"

"Ukuta umeanguka."

Mkewe akamshika mkono wenye makovu ya chokaa ya zamani. "Unataka turudi?"

"Nataka."

"Hata mimi," alisema mkewe polepole. "Lakini si mwaka huu, baba."

Tofali akaitika kwa kichwa. Wakalitazama basi likipanda mlima, mpaka likapotea.